Swali: hii tizi ya mazoezi inatoa stresi ya lokdauni kweli, ama ni stori tu?

keja_gorofa_tano — Alhamisi 22 Aprili 2021

Wasee hamjambo. Nauliza swali moja na naomba jibu la ukweli sio la kutiana moyo, hayo ya kutiana moyo nimeshiba kwa statasi za watu. Kila mahali nasikia fanya mazoezi, mazoezi inatoa stresi, mazoezi inasaidia kichwa, hata ibada ya kwa simu Jumapili pasta ameongelea hio maneno. Inasaidia kweli ama ni stori za watu wa jimu?

Wacha nieleze kidogo ndio msinijibu vitu za jumla jumla. Mi nilikuwa weita kwa hoteli fulani huko tauni. Mwaka jana korona ikiingia tulirudishwa nyumbani, tukaitwa nusu ya watu kwa nusu ya mshahara, tukashukuru. Sasa tangu ile hotuba ya rais ya Machi 26 hoteli ni chakula cha kubeba tu, na mtu anayebeba chakula akaenda hahitaji weita. Nimeambiwa "mtaitwa". Nakaa Pipeline, huku Embakasi Nairobi, bedsita, dirisha yangu inaangalia dirisha ya jirani, mkono ukinyoosha unamsalimia. Jua ni la huko juu kwa kuanikia nguo na keateka, mwangalizi wa ploti, amefunga mlango wa huko juu watu waliibiwa nguo.

Usingizi unakuja saa nane usiku, naamka saa nne asubuhi nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Moyo unaenda mbio nikiwa nimelala tu, sijafanya kitu. Simu ikilia nashtuka, ni wa kudai ama ni mzee wangu ushago anauliza naendeleaje, na hata kwenda kumwona siwezi juu kaunti tano zimefungwa, Nairobi ikiwemo.

Nilijaribu zile video za YouTube za kuruka ruka, jirani wa chini akagonga slabu na mti wa ufagio, alafu bando ikaisha katikati. Na kuna kitu hapa sielewi kabisa. Hii ploti maji iko chini. Kila siku napandisha mtungi wa lita 20 hadi gorofa ya tano, siku ya kufua ni mitungi mitatu minne. Hiyo si tizi? Kama jasho linaponya kichwa mi ningekuwa mtu wa furaha kuliko wote Embakasi.

---

fundi_wa_mjengo

Buda umejijibu mwenyewe. Shida yako si ukosefu wa tizi ni ukosefu wa kazi. Mi niko mjengo, kutoka saa moja asubuhi nabeba simiti na mawe, jioni nikifika kwa nyumba mgongo unauma na bado nalala macho wazi nikihesabu kodi na unga na deni ya duka. Hakuna pushapu inalipa landilodi. Hii maneno ya mazoezi na akili imeletwa na watu wanafanya kazi kwa kompyuta wakiwa nyumbani Kileleshwa, mtu ameketi siku nzima mshahara unaingia, huyo kweli akikimbia kidogo atasikia vizuri. Sisi tunahitaji kazi zifunguliwe. Nimemaliza.

---

MguuNiponye

Fundi sikatai, lakini kuna kitu hapo kati ambacho nimekiona mwenyewe, na hilo swali la mtungi ni zuri kuliko unavyodhani @keja_gorofa_tano.

Mwaka jana zile mathree, matatu za watu 14, zilipoanza kubeba wanane na nauli ikapanda maradufu, mi nilianza kutembea kutoka tauni hadi Donholm. Muthurwa, City Stadium, Hamza, unashuka hivyo hivyo na Jogoo Road, ni kama kilomita kumi, na wakati huo kafyu ilikuwa ya saa moja jioni kwa hivyo unatembea ukiangalia saa, ukisikia gari nyuma unafikiria ni karao (polisi), viatu ni vya ofisi. Kilomita zote hizo kila siku na nilikuwa nachukia dunia. Nilipungua kilo, kichwa hakikupata nafuu hata kidogo.

Baadaye kazi ikawa ya kufanyia nyumbani, sina haja ya kutembea popote. Nilikaa hivyo nikaanza kuwa mtu wa ajabu, nagombana na mtoto juu ya rimoti. Bibi yangu akaniambia toka nje uende mahali, popote, usirudi mpaka uso ubadilike. Nikaanza kutoka asubuhi na mapema, nazunguka Savannah natokea Greenfields, siku ingine nashika njia ya kando ya Outering mpaka nichoke nirudi. Hakuna mahali naenda. Hakuna mtu ananingoja. Hiyo ndio imenisaidia, na ukipima ni fupi kuliko ile ya Jogoo Road.

Kwa hivyo kwa maoni yangu mtungi unasaidia mguu na moyo lakini kichwani bado ni kazi, ni kitu umelazimishwa. Kichwa kinajua tofauti. Sina masomo ya hii, wenye masomo waje.

Alafu bana mliona Kipchoge wa marathoni Jumapili kule Enschede, Uholanzi? 2:04:30, kwa uwanja wa ndege, mizunguko, hakuna mashabiki. Huyu ndiye Oktoba alikuwa wa nane London watu wakasema ameisha. Na mwaka jana kambi zilifungwa hata wao wakawa wanakimbia mtu peke yake. Sijui kwa nini nimeleta hii, nimefurahi tu.

---

karao_anakuja

Swali la muhimu hakuna mtu ameuliza, unakimbia na barakoa ama bila? Juu faini ni hadi elfu 20 na mimi elfu 20 sijawahi kuishika tangu Desemba.

---

nesi_wa_zamu

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi lakini hii siwezi kuipita. Nitaandika ndefu, mnivumilie.

@MguuNiponye umesema kitu ambacho hata watafiti wamekuwa wakikiona. Wakilinganisha mwendo wa mapumziko, yaani ule mtu ameuchagua, na mwendo wa kazini au wa kazi za nyumbani, ule wa kuchagua ndio unaoambatana na hali nzuri ya akili. Wa kazini mara nyingi hauonyeshi faida hiyo. Sababu zinaweza kuwa nyingi, kazi ngumu huja na malipo kidogo, na bosi, na uchovu usio na mapumziko, kwa hivyo mtu asiseme ni misuli tu. Fundi haongopi anaposema anabeba mawe na bado halali.

Sasa je, inasaidia kweli? Ndiyo, na si stori. Kuna utafiti wa chuo cha Duke kule Marekani uliotoka 1999, walichukua watu 156 wa umri wa miaka 50 na zaidi waliokuwa na dipresheni ya hospitali kabisa, si huzuni ya siku mbili. Kundi moja likapewa dawa, lingine mazoezi mara tatu kwa wiki, lingine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu ya kukaribiana. Lakini msinukuu nusu. Wa dawa walianza kupata nafuu mapema zaidi, na wale wa mazoezi walikuwa wanafanya kwa kundi na kuna mtu anawasimamia, hawakuwa peke yao chumbani na simu. Hiyo ya kuwa na watu nadhani tunaipuuza sana.

Na ni wiki 16. Mtu anakimbia Jumatatu, Jumatano anasema haijafanya kazi. Wasiwasi ndio unashuka haraka, hata mzunguko mmoja wa kutembea kwa nguvu unaweza kukutuliza kwa saa kadhaa. Dipresheni inataka wiki nyingi.

Inafanyaje kazi? Watu husema endofini. Ziko, zinapanda, lakini endofini za kwenye damu ni vigumu kupenya kuingia kwenye ubongo, kwa hivyo ile raha ya wakimbiaji wengi sasa wanadhani inatokana zaidi na kemikali nyingine ambazo mwili unatengeneza wenyewe, za ukoo mmoja na zile za kwenye bangi. Usingizi pia unakuwa mzito zaidi. Mwanga wa asubuhi machoni unapanga saa ya mwili, na wewe @keja_gorofa_tano huna jua hata kidogo, unaamka saa nne na dirisha linaangalia ukuta. Hapo peke yake pana nusu ya shida ya usingizi.

Kuhusu moyo kwenda mbio. Mtu mwenye wasiwasi moyo ukipiga haraka anadhani ni hatari, anaogopa, unapiga zaidi. Ukipanda ngazi kwa kupenda kwako moyo unaenda mbio vile vile, alafu unatulia, na mwili unajifunza polepole kwamba mapigo ya haraka si lazima yawe balaa. Lakini kabla ya hapo nenda kituo cha afya upimwe presha na damu. Upungufu wa damu unaweza kufanya hivyo, tezi ya shingo pia. Na uniambie ukweli, unatafuna miraa ama mugoka usiku, hayo majani ya kukesha?

Kiasi: WHO, shirika la afya duniani, Novemba mwaka jana walitoa mwongozo mpya, mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na misuli siku mbili. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini kuimba hauwezi. Na wamesema wazi kidogo ni bora kuliko hakuna, kwa hivyo ukipata dakika kumi chukua kumi.

@karao_anakuja WHO hao hao walisema mtu asivae barakoa akifanya mazoezi makali, muhimu ni umbali na kuwa nje. Lakini sheria ya hapa ni ya hapa. Mi huvaa nikipita penye watu, penye nafasi naishusha. Na ukitembea tu, hata kwa haraka, barakoa haikuui.

---

karao_anakuja

Ngoja kwanza. Kwa hivyo kukimbia ni bangi halali? Nesi mbona hamkusema mapema, mi ningekuwa Olimpiki.

---

keja_gorofa_tano

Aki nesi asante. Mugoka ndio, wacha nisidanganye, tunakaa na maboi hapo chini mpaka karibu kafyu alafu napanda na iliyobaki. Sikuwa nimeunganisha hio na moyo.

Na kuhusu jua, hata sikuwa nafikiria. Nilikuwa najiambia natoka nje kufanya nini, pesa sina, ukitoka Pipeline ni kununua vitu vitu. Lakini shida ingine ni hii, nikiamka hio saa nne mwili unakataa. Sio uvivu, niliwahi kuwa mtu wa kuamka saa kumi alfajiri kwenda kufungua hoteli. Saa hii hata kuosha kikombe ni mradi. Mnaniambia nitembee nusu saa na mimi kutoka kitandani mpaka kwa sufuria ni safari.

---

Bint_SouthC

Assalam aleikum wote. Mimi nimefunga kwa hivyo nitaongea polepole.

Kaka hilo la mwili kukataa nalijua, usilichukulie kuwa umekuwa mvivu. Mwaka jana Ramadhani ya kwanza ya korona mimi nilikuwa hivyo hivyo, misikiti imefungwa, futari ya watu wawili, na sisi tumezoea nyumba kujaa. Mwaka huu tena ibada zimefungwa hapa Nairobi, taraweh tunaswali nyumbani. Kilichonisaidia mimi ni dada yangu mkubwa, hakuwa ananiambia "fanya mazoezi," alikuwa anakuja mlangoni amevaa raba anasema twende nimsindikize dukani. Duka lenyewe liko hapo tu, lakini tunapita njia ndefu. Ukiwa hali hiyo usijiwekee nusu saa. Jiwekee kuvaa viatu. Ukishavaa ukashuka hadi mlango wa chini ukarudi, imehesabika, kesho tena.

Kwa waliofunga, mimi natembea kama dakika ishirini, thelathini kabla ya magharibi, polepole, njaa ipo lakini najua maji yako karibu. Asubuhi baada ya daku nilijaribu nikaona kiu inanikamata saa sita. Baada ya futari nako kuna kafyu ya saa mbili, na tumbo likijaa sambusa hakuna mtu anakimbia jamani tusidanganyane.

---

mtu_wa_Roysa

Nataka kuweka breki kidogo kwa hii mazungumzo, sio kupinga. Kuna watu hapa wamepona korona ama walipata na hawakujua, na hii wimbi la tatu imepata wengi.

Kaka yangu alipata mwezi uliopita. Hakulazwa, homa siku kadhaa, kikohozi, pumzi ikashika kidogo akapona. Huyu ni mtu wa boli, wikendi yake yote ni uwanjani. Kila mtu nyumbani akamwambia sasa fanya mazoezi urudishe nguvu, na yeye mwenyewe alikuwa na mawazo mengi akaona akikimbia atasikia vizuri. Akaenda huko nyuma ya Kasarani akakimbia kama kawaida. Siku hiyo alikuwa sawa, hadi alikuwa na raha. Kesho yake hakuweza kuinuka, mwili mzima mzito, kichwa ukungu, kukaa tu anahema. Akapumzika akasikia afadhali, akakimbia tena, ikamwangusha tena, mbaya zaidi.

Akapelekwa kupimwa moyo, wakaona uko sawa, maana kuna watu korona inawachoma misuli ya moyo na hao kukimbia ni hatari kabisa. Kwake ni ile korona inayokataa kuondoka. Yule mtaalamu wa viungo akamwambia kitu ambacho ni kinyume na vile tumelelewa, usisukume mwili, simama kabla hujachoka, ukiona leo umekuwa sawa usitumie nguvu yote. Anatembea geti kwenda geti, anapumzika, anaandika kwa daftari vile alisikia siku iliyofuata.

Kwa hivyo ukiwa na dalili bado, pumzika. Ukipona rudi kidogo kidogo. Kifua kikiuma, moyo ukiruka ruka, kizunguzungu, simama uende hospitali, usiambiwe na mtu wa fesibuku ati ni udhaifu wa akili.

@keja_gorofa_tano wewe uliwahi kupata? Juu hio ya kuosha kikombe ni mradi inaweza kuwa dipresheni, inaweza kuwa pia hii.

---

keja_gorofa_tano

Sijui, sijawahi kupimwa. Kipimo ni pesa. Januari nilikuwa na homa lakini Januari Pipeline nani hakuwa na homa. Lakini ile ya kuangushwa siku inayofuata hapana, siku nikipandisha mitungi mingi kesho yake sina tofauti, ni vile vile tu nimeboeka. Na usiku nikilala vizuri kama mara moja moja hivi naamka niko poa.

---

Mama_Mapacha

Nyinyi wanaume mnasema tu tokeni alfajiri, kafyu inaisha saa kumi, saa kumi na moja uko barabarani. Mimi niko Umoja. Saa kumi na moja giza bado, nikitoka na simu narudi bila, na hiyo ndiyo bahati. Kwa wamama mpango wa alfajiri peke yako sio mpango. Sisi tuko watatu wa ploti moja, tunatoka saa moja kasoro, jua limechomoza, umbali tunaacha wa kutosha kupitisha kibaiskeli cha mtoto, na tunaongea njia yote. Sijui ni kutembea ndio kunanisaidia ama ni kusengenya. Mtafiti akuje atuangalie.

Na hawa watoto je? Shule zimefungwa tena, mapacha wangu wako darasa la tatu na wameanza kupigana kwa sababu ya vitu kama kijiko. Nikiwafungulia wakacheze kati na bladda hapo kwa ploti, jioni wanalala kama watu. Nikiwaweka kwa TV siku nzima usiku ni vita. Keateka wetu anawafukuza ati wanaleta korona. Nje! Kwa upepo! Na yeye anakaa ndani ya kibanda na watu wanne wakicheza drafti.

---

nesi_wa_zamu

@Mama_Mapacha watoto wa kuanzia miaka mitano hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa hivyo bladda ni dawa, mwambie keateka nimesema mimi. Nje ni salama kuliko hicho kibanda chake.

@keja_gorofa_tano ulivyojibu inanitoa wasiwasi kidogo upande wa korona, lakini nitakuuliza wazi kama ningekuwa nimekaa na wewe. Hii hali ya kutotaka kitu imepita wiki mbili mfululizo? Vitu ulivyokuwa unapenda bado vina ladha? Umewahi kufikiria ni afadhali usiwepo? Usinijibu hapa hadharani kama hutaki. Kama la tatu ni ndiyo, hapo si habari za tizi tena, leo leo unaongea na mtu. Msalaba Mwekundu wana 1199, ni ya bure, unaweza kupiga hata bila salio. Hospitali ya akili ya Mathari wako wazi saa zote, na si lazima mtu awe ameokota makopo ndio aende, wengi ninaowaona wanaingia wakiwa wamevaa suti. Na ambaye yuko kwa dawa tayari, asiache dawa ati ameanza kukimbia. Vyote vinaenda pamoja.

Kupunguza mugoka ningeanza nayo kabla hata ya viatu, usiku hasa.

---

keja_gorofa_tano

La kwanza na la pili ndio. La tatu hapana, kuna siku nilikuwa naikaribia lakini hapana. Nimehifadhi hio namba.

---

fundi_wa_mjengo

Nimesoma yote. Bado nasema kazi ndio dawa ya kwanza, na hata nesi hajanipinga. Mwaka jana kuna kamati ya serikali iliandika ripoti kuhusu afya ya akili, ya Daktari Frank Njenga, ikasema hii kitu itangazwe janga la taifa. Imetangazwa? Tunaambiana tu kimbia kimbia.

Lakini pia nitasema hii, Jumapili nikicheza boli na wasee wa mjengo pale kwa vumbi, siku hiyo jioni silali macho wazi. Na mguu unauma kuliko siku ya kazi. Sikuwa nimeifikiria vile mlivyoiweka.

@keja_gorofa_tano kama uko tayari kubeba, wiki ijayo kuna wanahitaji watu wa mkono upande wa Syokimau, ni Machakos kaunti lakini iko ndani ya eneo lililofungwa kwa hivyo hakuna kizuizi. Pesa ni ya siku. Niandikie inboksi.

---

keja_gorofa_tano

Nakuandikia sasa hivi. Fundi asante bana.

---

MguuNiponye

Na Jumamosi mi nitakuwa steji ya Taj Mall saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nitakuwa na kofia ya kijani. Sitaki kukimbia na mtu, tunatembea tu hadi upande wa Nyayo Estate tunarudi, barabara za huko ndani ziko na miti na magari ni machache, kando ya Outering vumbi na moshi vitakumaliza. Usipofika sitakupigia kelele, nitatembea peke yangu kama kawaida. Wengine wa karibu mje, watatu wanne tu tusiitwe mkutano.

---

keja_gorofa_tano

Saa kumi na mbili na nusu ni usiku kwangu saa hii. Fanya saa moja na nusu.

---

MguuNiponye

Saa moja. Hiyo ndio bei ya mwisho.

---

karao_anakuja

Mi nakuja. Mwenye barakoa ya ziada anibebee.